Ini jipya, figo zile zile: kwa nini aliyepandikizwa ini hupimwa figo maisha yake yote

Msikilizaji, mtu akirudi kijijini baada ya kupandikizwa ini, ndugu na majirani humwangalia macho kama bado ni ya njano, na tumbo kama limeacha kujaa maji. Wakiona anakula ugali wake vizuri, wanashukuru Mungu. Ni nadra mtu kumuuliza habari za figo, na huko ndiko tatizo huweza kuanza bila kelele.

Watanzania wanaopata tiba hii kwa kawaida huifuata nje, hasa India. Hapa nchini tulianza na figo: Muhimbili mwezi Novemba 2017, kisha Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, Machi 2018. Kwa upande wa ini, mara nyingi ndugu wa mgonjwa hukatwa kipande cha ini lake, na kipande hicho hukua ndani ya mwili wa mgonjwa. La mtoaji nalo hukua tena. Baada ya hapo mgonjwa anarudi nyumbani na mfuko wa dawa za maisha.

Figo zinaingiaje hapa?

Wengi huingia chumba cha upasuaji figo zao zikiwa zimechoka tayari, kwa sababu ini likiharibika sana mtiririko wa damu kwenda kwenye figo hupungua. Upasuaji wenyewe ni mrefu na damu hupotea, kwa hiyo siku za kwanza figo zinaweza kusimama kazi ghafla. Baadhi ya wagonjwa husafishwa damu kwa mashine kwa muda, na wengi wao hupona.

Madhara ya taratibu ndiyo yanayotutia wasiwasi zaidi. Mwili huliona ini jipya kama mgeni na kutaka kulishambulia, hivyo mgonjwa humeza dawa ya kutuliza kinga, kama takrolimasi au siklosporini. Dawa hizi ndizo zilizofanya upandikizaji uwezekane kwa watu wengi. Lakini hubana mishipa midogo inayopeleka damu kwenye figo, na miaka ikipita figo huanza kupata makovu. Pia zinaweza kuleta shinikizo la damu na kisukari, ambavyo navyo huumiza figo.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulifuatilia watu karibu 70,000 waliopandikizwa viungo vingine visivyo figo. Kati ya kila watu 100 waliopandikizwa ini, kama 18 walikuwa wamepata ugonjwa mkubwa wa figo ndani ya miaka 5. Kwa jumla, waliofikia hali hiyo walikuwa katika hatari ya kufa zaidi ya mara 4 kuliko wenzao.

Figo haziumi zinapoharibika, kwa hiyo kusubiri maumivu ni kuchelewa. Kinachotakiwa ni kupima damu kiwango cha kreatinini, kupima mkojo kama una protini, na kupima shinikizo la damu. Kreatinini hutokana na misuli. Mgonjwa aliyekonda sana anaweza kuonyesha namba nzuri huku figo zake zikiwa dhaifu. Ndiyo maana usiridhike na neno "kawaida" la siku moja. Tunza majibu yote kwenye daftari. Kwa mfano, aliyetoka hospitali na 80, akaja 110, kisha 140, anahitaji daktari mapema.

Kuna pia kipimo cha kiasi cha takrolimasi kwenye damu, ambacho hakipatikani kila maabara. Msafiri anayepanda basi alfajiri Sumbawanga kwenda Mbeya au Dar es Salaam kwa kipimo hiki akumbuke jambo moja: siku ya kupima, dozi ya asubuhi humezwa baada ya damu kutolewa. Ukiimeza kabla, namba itapanda na daktari atadanganyika. Ibebe mkononi, si kwenye begi lililofungiwa buti.

Tuje dukani. Mgongo ukiuma baada ya kulima, wengi wetu hukimbilia diklofenaki au ibuprofeni. Kwa mtu huyu dawa hizo ni hatari kwa figo. Paresetamo kwa kipimo alichopewa na daktari ni salama zaidi. Eritromaisini na flukonazoli hupandisha takrolimasi kwenye damu, na tunda la balungi vilevile. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha hadi ini likataliwe na mwili. Muuza dawa aambiwe kabla hajafungua kopo.

Sisi wa Ufipa tumezoea kutaniwa mijini kuhusu waganga wetu. Utani tuuache pembeni: mizizi ambayo kipimo chake hakijulikani isichanganywe na dawa hizi, hata ikitolewa na mtu unayemwamini.

Akiharisha au kutapika siku nzima, asingoje kesho. Maji yakipungua mwilini figo huumia, na kuhara kwenyewe kunaweza kupandisha kiwango cha takrolimasi. Aende kituo cha afya akiwa na daftari na orodha ya dawa zake.

Figo zikianza kushuka, daktari anaweza kupunguza takrolimasi na kuongeza dawa nyingine, kama maikofenoleti, ili ini libaki na ulinzi. Hatua hiyo hufanya vizuri zaidi ikichukuliwa mapema, kabla makovu hayajawa mengi. Mgonjwa asijipunguzie mwenyewe nyumbani, hata kama dawa imebaki kidogo na nauli ya kufuata nyingine haijapatikana. Apige simu kwa daktari wake kabla kopo halijaisha.