Sekta za akiba

Fundi anapofungua programu ya CrystalDiskInfo kwenye kompyuta inayosuasua, macho yake hukimbilia mstari wa 05. Hapo diski yenyewe huandika sekta zake ngapi zimeshakufa. Tafsiri ya jina lake la Kiingereza inayokuja haraka mdomoni ni "sekta zilizohamishwa", nayo inapotosha, maana hakuna sekta inayohama.

Sekta hapa si ile ya kilimo wala ya utalii. Ni kipande kidogo cha uso wa sahani ya diski, chenye baiti 512, au 4,096 katika diski nyingi za siku hizi. Kila diski hutoka kiwandani na sekta za ziada ambazo mtumiaji hazioni. Sekta ikigoma, anwani yake hupewa mojawapo ya hizo. Mpenzi wa soka keshaelewa: ni wachezaji wa akiba. Basi zilizoko benchi ziitwe "sekta za akiba", na zilizotolewa uwanjani "sekta zilizobadilishwa".

Mstari wa C5 unatisha zaidi. Huo ni wa "sekta zinazosubiri": diski imeshindwa kuzisoma, lakini kwa kawaida haitazibadilisha mpaka kitu kipya kiandikwe juu yazo. Picha za harusi zikiwa humo, tayari zimo hatarini. (Tahadhari: programu hii kwa kawaida huonyesha hesabu kwa mfumo wa kumi na sita, hivyo 18 pale ni 24.)

Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Baada ya sekta ya kwanza kubadilishwa, uwezekano wa diski kufa ndani ya siku 60 ulizidi mara 14 ule wa diski ambazo hazijapatwa na hilo. Lakini zaidi ya asilimia 56 ya zilizokufa hazikuwa na hata moja kati ya dalili nne kubwa, sekta zilizobadilishwa zikiwemo. Sifuri kwenye mstari wa 05 si cheti cha afya.

Kwa hiyo nakala kwanza, ukarabati baadaye. Programu ya kurekebisha diski humlazimisha mgonjwa kukimbia. Na diski ikianza kugonga tik-tik, izimwe papo hapo.

Diski ya kuchukua nafasi yake nayo ichunguzwe. Mapema 2025 wanunuzi Ujerumani waligundua kuwa diski za Seagate walizouziwa na wachuuzi kama mpya zilikuwa zimetumika, baadhi kwa saa 15,000 hadi 50,000. Hesabu za kawaida za saa za matumizi zilikuwa zimefutwa. Kilichofichua ni kumbukumbu nyingine ya ndani, FARM, ambayo wafutaji hawakuigusa. Programu ya bure ya smartmontools huisoma: saa za FARM zikizidi zile za kawaida kwa mbali, diski irudishwe dukani muda wa kurudisha bidhaa ungalipo.