Mwaliko Uliopotea Njia

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Zamani mpiga mbiu alipita mitaani, kila mwenye masikio akajua kikao ni lini na wapi. Zilipokuja ofisi, akaja tarishi na daftari lake: ukipokea barua, unatia sahihi. Hata ukihamishwa idara alikufuata, kwani alikujua kwa sura.

Mwaka 1971, huko Marekani, mhandisi Ray Tomlinson alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine, akaitumia alama ya @ kutenganisha jina la mtu na la kompyuta. Mwaka 1998 wataalamu wakatangaza utaratibu mmoja wa kuandika mialiko, uitwao iCalendar, ili kalenda za kompyuta mbalimbali zielewane: nani ameitisha kikao, nani wamealikwa, siku gani, saa ngapi.

Naam, kazi imerahisika. Lakini kompyuta haimjui mtu kwa sura. Inajua anwani tu.

Katika ofisi moja niijuayo, wakubwa watatu waliitiwa kikao cha kupunguza wafanyakazi. Katibu muhtasi akaandika herufi za mwanzo za jina, kompyuta ikamalizia yenyewe, ikaweka anwani ya idara nzima. Kabla ya chai ya saa nne, mama mmoja alikwisha kusoma jina lake katika orodha ya wanaoachishwa. Kikao kilifutwa. Alichokisoma hakikufutika.

Basi mwaliko ukipotea, tuanzie wapi? Kwanza, tazama anwani kamili, si jina pekee, maana kompyuta hukumbuka hata anwani za zamani. Pili, ikiwa ni anwani ya kundi, uliza ni nani waliomo. Aliyehama mwaka jana huenda bado yumo. Tatu, ikiwa anwani ni sahihi na bado mwaliko unamfikia mwingine, uliza ni nani aliyepewa ruhusa ya kufungua kalenda ya mkubwa. Ruhusa iliyotolewa wakati wa likizo mara nyingi husahauliwa. Na mambo ya siri yasiandikwe kabisa ndani ya mwaliko.

Tarishi wetu hakuwa na diploma. Lakini kabla ya kukukabidhi bahasha alikuuliza, "Wewe ndiye mwenyewe?" Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, na sisi tuulize hivyo hivyo.