Kitambara cha fundi: namna ya kukichagua, kukifua na kukitupa bila kuleta hasara

Masisi na Walikale – Kwenye gereji za pikipiki za Sake, Masisi-centre, Nyabiondo, Mubi na Walikale-centre, kuna kifaa kimoja ambacho hakina bei na hakuna mtu anayekihesabu: kitambara, kile ambacho mafundi wengi wanakiita shifoni. Kiko mfukoni mwa fundi, kiko begani mwa seremala, kiko chini ya kiti cha kila mwendesha pikipiki. Lakini kitambara kibaya kinaweza kuzima moteri katikati ya pori, kuharibu freni kwenye mteremko, ao kuchoma nyumba ya mbao usiku watu wakiwa wamelala.

Wilaya hizi mbili haziko na hali moja. Masisi ni ya milima, baridi na mvua nyingi. Walikale ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na sehemu yake kubwa ni msitu wenye joto na unyevu. Kinachoziunganisha ni barabara mbovu. Pale ambapo gari halipiti, pikipiki ndiyo inabeba mgonjwa, muhogo, mbuzi na mbao. Na pikipiki inayofanya kazi hiyo kila siku, inatengenezwa mara nyingi uani, nyumbani kwa fundi, karibu na jiko na watoto.

Vitambara vinatoka wapi

Vingi vinatoka kwenye nguo za friperi, zile ambazo zinafika Goma kwa balo na kusambaa kwenye masoko ya vijijini. Mwaka 2016, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza pole pole nguo hizo ili kukinga viwanda vyao, na Rwanda ikapandisha ushuru mwaka uo huo. Kongo ilikuwa bado haijaingia jumuiya hiyo. Iliingia mwaka 2022. Mpaka leo nguo iliyovaliwa Ulaya ao Marekani inavaliwa tena Masisi na Walikale, na ikichoka kabisa, inaingia gereji.

Lakini huku nguo haichoki haraka. Kwa familia iliyokimbia vita na kuacha kila kitu, shati lililopasuka bado ni shati. Ndiyo maana fundi anapokea vile ambavyo vimebaki, bila kuchagua. Hapo ndipo makosa yanaanza.

Pamba ndiyo inafyonza

Kitambara kizuri kinafanya kazi mbili: kinafyonza mafuta, na hakiachi nyuzi. Pamba iliyofuliwa mara nyingi inafanya zote mbili. Tishati ya zamani, shuka ya kitanda, na kikwembe kilichochakaa ni vizuri. Kikwembe kipya hakifai, sababu bado kina wanga na rangi inayokataa maji. Lakini kile ambacho mama amekivaa miaka mingi kimekuwa laini na kinakunywa mafuta.

Nguo za nailoni na poliesta, kama jezi nyingi za mpira na bitambaa vya mwavuli, hazifyonzi. Zinasukuma mafuta tu toka hapa kwenda pale. Tena zikigusa bomba la moshi lenye moto, zinayeyuka na kushika pale, na zikishika kwenye vidole zinachoma mpaka ndani. Sweta za sufu zinaacha manyoya. Chandarua cha mbu hakifai hata kidogo: hakifyonzi, na kazi yake ni kukinga watoto na malaria.

Kama haijulikani kitambaa ni cha nini, kuna njia mbili za kujua. Ya kwanza, dondosha tone la maji juu yake. Likiingia mara moja, ni kizuri. Likibaki juu kama shanga, kiache. Ya pili, chomoa uzi mmoja, uchome mbali na esansi. Uzi wa pamba unanuka kama karatasi inayoungua na unaacha majivu laini. Uzi wa poliesta unajikunja, unayeyuka, na unaacha kidonge kigumu cheusi.

Kabla ya kukata, toa vifungo, zipu na ndoana zote. Kifungo kimoja cha chuma kinatosha kukwaruza tangi la mteja. Kata vipande vya ukubwa wa viganja viwili vilivyofunguliwa, usiache nyuzi ndefu zinazoning'inia. Na hapana kusafisha shene wakati moteri inazunguka: shene inavuta kitambara, kitambara kinavuta mkono, na kidole kinabaki kwenye meno ya shene.

Kila kazi na kitambara chake

Kosa linaloonekana sana ni kutumia kitambara kimoja toka asubuhi mpaka jioni. Fundi anapanguza shene, halafu anapanguza freni kwa kitambara kile kile. Viatu vya freni vikinywa mafuta, havishiki tena. Pikipiki inatoka gereji ikingaa, na dereva anagundua kwenye mteremko, akiwa na abiria wawili nyuma.

Njia rahisi ni kuwa na mafungu matatu, kila moja kwenye sanduku ao ndoo yake:

Fungu la kwanza ni la vitambara safi kabisa, vya shuka, kwa ajili ya freni, kabureta na rulema. Uzi mdogo ukiingia kwenye tundu la kabureta, esansi haipiti tena, na moteri inazimika. Mchanga kidogo kwenye rulema unaikula ndani ya siku chache.

Fungu la pili ni la tishati na bikwembe, kwa mafuta ya moteri, grisi na shene.

Fungu la tatu ni la vile ambavyo vimechoka, kwa matope na kumwagika kwa mafuta chini.

Kitambara kikianguka chini, kinashuka fungu. Hata kama kinaonekana safi, kimebeba mchanga. Na kile kilichopanguza vumbi la freni hakikung'utwi hewani, sababu vumbi hilo ni baya kwa mapafu. Kinaloweshwa maji kwanza.

Nguo ya mgonjwa

Nguo inayotoka nyumba yenye mgonjwa wa ngozi haipaswi kuwa kitambara bila kufuliwa. Tarehe 14 Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza mpox kuwa dharura ya afya ya kimataifa, na Kongo ndiyo ilikuwa katikati ya ugonjwa huo. Mpox inaweza kupita kwa nguo na mashuka ya mgonjwa. Upele wa kuwasha pia. Nguo kama hizo zinashikwa bila kuzikung'uta, zinafuliwa kwa maji ya moto na sabuni, zinakaushwa juani. Zenye damu ao usaha haziingii gereji.

Kufua kitambara cha mafuta

Watu wengi wanaanza na sabuni. Inafaa kuanza na ukavu. Kamua kitambara juu ya bidoni ya mafuta machafu, halafu kifukie ndani ya unga wa mbao ao majivu baridi usiku mzima. Asubuhi kikung'ute: sehemu kubwa ya mafuta imebaki kwenye unga, na sabuni itakayohitajika ni kidogo.

Halafu loweka kwenye beseni la maji ya moto na sabuni, acha muda wa saa moja ao zaidi, sugua, suuza, rudia. Maji ya majivu, ambayo wamama wanayajua tangu zamani, yanasaidia sana kwa mafuta ya mawese, sababu yanayageuza kuwa sabuni. Lakini mafuta ya moteri yanatoka ardhini, si kwenye mmea, na majivu hayawezi kuyageuza. Kwa hayo ni sabuni, joto na kusugua tu. Soda kali ya kutengenezea sabuni isitumiwe kufua: inachoma mikono na macho.

Kitambara chenye esansi ao mazuti hakifuliwi mara moja. Kinatundikwa nje, kwenye upepo, mbali na mbabula, mpaka harufu iishe. Halafu ndipo kinaingia majini. Hapana kuchemsha kitambara cha esansi juu ya makala: mvuke wake unatambaa chini na unaweza kushika moto kabla mtu hajaona chochote. Na hapana kufua mikono ao vitambara kwa esansi.

Masisi shida ni mvua, Walikale ni ukungu. Vitambara vilivyofuliwa na visivyo na harufu tena vinaweza kukaushwa chini ya bati juu ya jiko. Kikirudishwa kwenye sanduku kikiwa na unyevu, kinaota ukungu na kinaoza, na kinaleta kutu kwenye chuma.

Kitambara kinachojiwasha

Maseremala wana hatari yao. Verni za mafuta na mafuta ya kitani yanapokauka yanavuta hewa na kutoa joto. Kitambara kikitandazwa, joto linatoka. Kikikunjwa na kurundikwa pembeni pamoja na maranda, joto linabaki ndani, linapanda saa baada ya saa, mpaka moto unajiwasha wenyewe bila kiberiti.

Hii si hadithi. Tarehe 23 Februari 1991, mjini Philadelphia, Marekani, jengo la One Meridian Plaza lenye orofa 38 liliungua. Moto ulianza orofa ya 22, kwenye vitambara vyenye mafuta ya kitani ambavyo wafanyakazi walikuwa wameviacha. Wazima-moto 3 walikufa. Pale kulikuwa zege na chuma. Huku nyumba nyingi ni mbao, zimeshikana, na hakuna gari la kuzima moto linaloweza kufika.

Dawa ni rahisi: kila kitambara cha verni kinatandazwa kimoja kimoja nje mpaka kikauke na kuwa kigumu, ao kinazamishwa kwenye ndoo ya maji. Hakilali ndani ya nyumba.

Mfuko na mto

Kuna tabia mbili ambazo zinaonekana ndogo. Ya kwanza ni kuweka kitambara cha mafuta mfukoni. Mafuta machafu ya moteri yamebeba masizi na vipande vya chuma, na yakikaa kwenye ngozi miaka mingi yanaweza kuleta kansa. Mwanzoni mwa karne ya 20, wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, ambao suruali zao zililowa mafuta ya mashine kila siku, walipata kansa ya ngozi ya sehemu za siri. Kitambara kitundikwe kwenye msumari.

Ya pili ni kufua mtoni. Mto Lowa na vijito vya Masisi ni maji ya kunywa ya watu walio chini. Maji ya kufulia yamwagwe kwenye shimo, angalau mita 30 kutoka kisima ao mto, kipimo kile kile kinachofuatwa wakati wa kuchimba choo. Mafuta yaliyokamuliwa yabaki kwenye bidoni yenye kizibo, mbali na watoto. Bado yanaweza kupakwa kwenye shene ao chini ya nguzo za uzio.

Kitambara kilichokwisha kabisa, kisitumiwe kuwasha mbabula ya kupikia. Moshi wake unaingia kwenye chakula na kwenye mapafu ya mama na mtoto aliye mgongoni. Kichomwe nje, kidogo kidogo, mbali na nyumba na upepo.

Kwa fundi anayeanza leo, gharama ni ndogo: ndoo tatu, kisu, sabuni na msumari ukutani. Mteja hataona tofauti siku ile anapochukua pikipiki yake. Ataiona kwenye mteremko wa kwanza, freni ikishika.