Goti Kabla ya Kisu

Mwaka 1845 daktari mpasuaji wa Lyon, Amédée Bonnet, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu maradhi ya viungo, na humo akaeleza jeraha ambalo leo kila shabiki wa mpira analijua kwa herufi tatu, ACL. Alitaja dalili zinazofuatana: mlio wa ghafla ndani ya goti, damu inayokijaza kiungo mpaka kikavimba, na mguu unaokataa kazi. Alizipata kwa wagonjwa wake na kwa kuyapinda magoti ya maiti mpaka yakakatika. Kinachonivuta zaidi ni tiba aliyoipendekeza: vitambaa vya maji baridi siku za mwanzo, kifaa cha kulishikilia goti, kisha mwendo mwepesi mapema, kwa kuwa alikwisha kuona jinsi kiungo kilichofungwa muda mrefu kinavyokakamaa na kupoteza uwezo wake. Dawa ya usingizi ya etha ilikuwa bado haijaonyeshwa hadharani, kwa hiyo kisu hakikuwa chaguo. Hata hivyo, Bonnet alikuwa ameona jambo ambalo udaktari ungelipuuza kwa zaidi ya karne nzima.

Kamba mbili zinazofunga mifupa, ziitwazo ligamenti, hupishana kama herufi X katikati ya goti, na zilijulikana tangu zamani. Galen, aliyewatibu wapiganaji wa uwanjani mjini Pergamo katika karne ya 2, alizieleza na kufahamu kwamba kazi yake ni kukishika kiungo, wala hazijikazi kama msuli. Mwaka 1836 ndugu wawili wa Ujerumani, Wilhelm na Eduard Weber, walionyesha kwamba ukiikata ile ya mbele, ndiyo ACL, mfupa wa muundi huteleza kwenda mbele kupita kiasi. Mwaka 1875, katika tasnifu yake mjini Paris, Georges Noulis alieleza namna ya kuupima mtelezo huo kwa mikono. Joseph Torg wa Philadelphia alikitangaza upya kipimo hicho mwaka 1976 kwa jina la mwalimu wake, John Lachman. Mgonjwa hulala chali na goti likiwa limekunjwa kidogo. Mkono mmoja wa daktari hushika paja, wa pili huuvuta muundi. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala mashine, na kwa zahanati iliyo mbali na mashine ya picha za MRI hiyo ni zawadi kubwa kuliko ugunduzi mwingi uliofuata.

Kisha kikaja kisu. Mwaka 1895 Arthur Mayo-Robson wa Leeds alilifungua goti la mchimba makaa mwenye umri wa miaka 41 na kuzishona ligamenti zake kwa uzi wa utumbo wa mnyama. Miaka kadhaa baadaye mtu huyo alikuwa anafanya kazi mgodini. Mwaka 1917 Ernest Hey Groves wa Bristol aliacha kushona, akatengeneza ligamenti mpya kwa ukanda wa nyama ngumu ya ubavuni mwa paja. Mwaka 1950 Don O'Donoghue wa Oklahoma aliwahimiza wenzake wawapasue wanamichezo mapema, na kushona kukawa desturi katika nchi tajiri. Mgonjwa akitoka hapo alifungwa plasta kwa wiki nyingi, na msuli wa paja ukakonda ndani yake.

Ni nani aliyeuliza kama kushona kunafaa? Madaktari wapasuaji John Feagin na Walton Curl waliuliza. Waliwafuatilia kwa miaka mitano makadeti wa chuo cha kijeshi cha West Point walioshonwa, na mwaka 1976 wakachapisha walichokiona: wengi walikuwa na maumivu na magoti yasiyotulia, na baadhi walikuwa wameumia tena. Inataka ujasiri kuandika hivyo kuhusu wagonjwa wako mwenyewe. Lakini fundisho lililochukuliwa lilikuwa moja tu, kwamba badala ya kushona tupandikize. Vifaa vya kuchungulia ndani ya kiungo, vilivyoanzia kwa Kenji Takagi wa Tokyo mwaka 1918, vilifanya upasuaji uwe wa matundu madogo, na kufikia miaka ya 1990 ulikuwa jibu la kawaida kwa kila kijana aliyechanika ACL.

Chini ya desturi hiyo palikaa imani kwamba ligamenti ya mbele haiponi. Sababu ilikuwa na mantiki: ncha zilizokatika huelea katika majimaji ya goti, na majimaji hayo huzuia damu isigande ikawa daraja la nyuzi mpya. Ile ya upande wa ndani wa goti, iliyo nje ya majimaji, hupona. Mwaka 1983 Peter Indelicato alionyesha kwamba ikichanika peke yake haihitaji kushonwa, na leo karibu kila daktari anakubali. Kwa ya mbele imani haikupimwa ipasavyo.

Na watu walikuwa wakiishi bila hiyo. John Elway, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, aliichana ya goti la kushoto akiwa sekondari, na bila hiyo akashinda fainali mbili za Super Bowl. Hines Ward, wa mchezo huohuo, hakuwa nayo katika goti la kushoto, na mwaka 2006 akatangazwa mchezaji bora wa fainali hiyo. Hao ni wachache wenye miili ya pekee, lakini walilazimisha swali: ni nini kinachoshika goti lao?

Jibu lilitoka kwenye misuli na mishipa ya fahamu. Misuli ya nyuma ya paja huuvuta muundi nyuma, kazi ileile ya ligamenti iliyokatika, ilimradi ishtuke kwa wakati. Katika Chuo Kikuu cha Delaware, Lynn Snyder-Mackler na wenzake waliwasimamisha wanamichezo juu ya mbao zinazoyumba, wakizisukuma bila taarifa ili mwili ujifunze kujibu. Katika jaribio lao la mwaka 2000, kati ya 12 waliofundishwa hivyo, 11 walirudi michezoni bila goti kuponyoka. Kati ya 14 waliopata mazoezi ya kawaida, 7. Idadi ni ndogo, lakini kwangu huu ndio ukurasa wenye thamani kuliko yote katika historia hii, maana ulionyesha kwamba utulivu wa goti unaweza kufundishwa.

Kipimo kikubwa kilikuja mwaka 2010 kutoka Lund, Sweden. Richard Frobell na wenzake waliwagawa kwa bahati nasibu vijana 121 waliochanika ACL: 62 wapasuliwe mapema, 59 waanze mazoezi na wapasuliwe tu ikibidi. Baada ya miaka miwili hali za makundi hayo hazikutofautiana. Baada ya miaka mitano pia, ingawa 30 kati ya wale 59 walikuwa wamekwisha kupasuliwa. Ndiyo kusema nusu walikikwepa kisu bila kupoteza kitu kinachopimika. Picha zao za MRI zilipochunguzwa upya, zaidi ya nusu ya waliotumia mazoezi pekee walikuwa na dalili kwamba ligamenti imeungana. Imani ya karne nzima ilikuwa imeegemea ukuta ambao hakuna aliyeugusa.

Lakini haki itendeke pande zote. Mwaka 2022 jaribio la Uingereza lenye wagonjwa 316, likiongozwa na David Beard wa Oxford, lilionyesha kwamba kwa magoti yaliyoumia zamani na bado yanaponyoka, upasuaji uliwapa wagonjwa nafuu zaidi. Goti linaloponyoka mara kwa mara huchakaza gegedu na kuchana meniskasi, mto wa gegedu ulio kati ya mifupa ya goti, na hasara hiyo hairudi. Goti lililojifunga kwa kipande cha meniskasi kilichokwama nalo linahitaji mpasuaji haraka.

Kwa wengine kazi huanza siku za kwanza: kupunguza uvimbe, kurudisha uwezo wa kulinyoosha goti kabisa, kisha kuujenga msuli wa mbele ya paja ambao hunyauka upesi mno baada ya jeraha. Delaware waliweka masharti kabla ya mtu kuruhusiwa kujaribu njia ya bila kisu, miongoni mwao kwamba mguu ulioumia uruke kwa angalau asilimia 80 ya uwezo wa ule mzima, na goti lisiwe limeponyoka zaidi ya mara moja tangu siku ya ajali. Ni kazi ya miezi, na anayeacha mazoezi maumivu yanapoisha hurudi uwanjani na goti ambalo halijajifunza lolote.

Mwaka 2023 madaktari wa Sydney, Tom Cross na Mervyn Cross, pamoja na mtafiti Stephanie Filbay, walikwenda mbali zaidi. Wagonjwa 80 walifungwa goti likiwa limekunjwa nyuzi 90 kwa wiki nne ili ncha za ligamenti zikaribiane, kisha likafunguliwa polepole mpaka wiki ya 12. Baada ya miezi mitatu, MRI ilionyesha dalili za kupona kwa asilimia 90 yao. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, na 11 waliumia tena, kwa hiyo bado si hukumu. Ila njia hiyo ina sharti moja gumu: lazima ianze wiki za mwanzo, ncha zikiwa mbichi. Anayefika hospitali siku ya tano baada ya kuumia anastahili kuelezwa njia zote siku hiyohiyo, kabla tarehe ya upasuaji haijaandikwa kwenye kadi yake.