Jenereta ya akiba ya nyumbani (Gisenyi, Rwanda)

Jenereta ya akiba ni mashine ya petroli au dizeli inayofungwa nyumbani ili iwashwe pale umeme wa gridi unapokatika. Gisenyi, mji mkuu wa Wilaya ya Rubavu katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, ni mahali ambapo ufungaji wake unadai uangalifu zaidi kuliko miji mingi ya Afrika Mashariki. Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine huchukulia kwamba mnunuzi anaishi nchi tambarare iliyo karibu na usawa wa bahari. Gisenyi iko mita 1,460 hivi juu ya bahari, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu, chini ya volkano ya Nyiragongo, katika ukanda ambao radi hupiga kwa wingi usio wa kawaida. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliipa Kabare, magharibi mwa ziwa hilo upande wa Kongo, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi: mimweko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake.

Umeme unakatikia wapi

Gisenyi haina uhaba wa mitambo ya kuzalisha umeme. Mto Sebeya unazungusha vituo vidogo vya Gisenyi, Gihira na Keya. Methani ya Ziwa Kivu, ambayo kiwanda cha bia cha Bralirwa kilianza kuichoma kwenye boila zake tangu miaka ya 1960, leo inaendesha mtambo wa Shema Power wa megawati 56 uliojengwa ndani ya wilaya hiyohiyo. Mwenyeji anaweza kuishi karibu kabisa na chanzo cha umeme na bado akalala gizani, kwa sababu dhoruba kwa kawaida huukata umeme njiani. Mkaratusi unaangukia waya, radi inapiga transfoma, udongo wa mlimani unaporomoka na nguzo za umeme. Kuongeza mtambo mwingine hakuponyi waya uliokatika mtaani.

Hali ilikuwa tofauti mwaka 2004. Wakati huo maji ya kuendeshea vituo vya Ntaruka na Mukungwa yalipungua, nchi nzima ikaingia kwenye mgawo wa umeme, na serikali yenyewe ikalazimika kukodi jenereta za dizeli. Upungufu wa aina hiyo hutangazwa na watu hujipanga. Dhoruba haina ratiba. Misimu ya mvua ni miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, na jioni moja ya Aprili inaweza kukata umeme mara kadhaa kwa dakika chache chache.

Kuna pia dhoruba za aina nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi. Sebeya ulifurika, ukaingia majumbani Nyundo na maeneo ya jirani. Mto huo unashuka kutoka nyanda za Gishwati, ambako msitu ulikatwa karibu wote katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, na ndiyo maana maji yake hushuka na matope mengi. Mnunuzi anapaswa kuamua mapema anajikinga na nini. Kukatika kwa saa mbili kunahitaji friji iendelee na taa ziwake. Kukatika kwa siku kadhaa kunahitaji akiba ya mafuta, na barabara ya kuyafuata huenda nayo imefungwa. Katika mabonde ya Sebeya mashine ikae juu ya jukwaa la zege lililopita alama ya maji ya mafuriko yaliyopita, la sivyo itakuwa kitu cha kwanza kuzama.

Ukubwa wa mashine

Kosa la kawaida ni kujumlisha wati za vifaa vyote na kununua mashine ya ukubwa huohuo. Vifaa vyenye mota, kama friji na pampu ya maji, huvuta umeme mara tatu au zaidi kwa sekunde chache zinapoanza. Na kwa kuwa hujiwasha vyenyewe bila kumngoja mtu, hesabu ifanywe kana kwamba mota kubwa zaidi inaanza wakati vifaa vingine vyote vinafanya kazi.

Chukua nyumba yenye friji ya wati 150, taa kumi za LED za wati 9, televisheni ya wati 100 na kifaa cha intaneti cha wati 15. Jumla ni wati 355. Pampu ya wati 750 inayojaza tangi la juu itadai kama wati 2,250 inapoanza. Mashine itahitaji kubeba karibu wati 2,600 kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo mwinuko unapoingia. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda, kwa sababu hewa nyembamba ina oksijeni kidogo. Kwa mita 1,460 hasara inafika asilimia 17. Ili kupata wati 2,600 halisi Gisenyi, kibati cha mashine kinatakiwa kisomeke angalau kilowati 3.2, yaani kama kVA 4 kwa mashine zinazopimwa kwa kipengele cha nguvu (power factor) cha 0.8. Wauzaji wengi hutaja kVA peke yake, na tena ile ya kilele ambayo mashine huihimili kwa muda mfupi tu. Mnunuzi asome kibati mwenyewe na atafute kiwango cha kazi ya mfululizo.

Kuzidisha nako kuna gharama. Injini ya dizeli inayofanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wake kwa muda mrefu haichomi mafuta yote. Masizi na mafuta mabichi hujikusanya kwenye ekzosi, na baada ya misimu michache mashine hukosa nguvu.

Swichi ya kubadilishia

Kama fedha zinatosha kitu kimoja tu cha ubora, kiwe swichi hii. Jenereta mbovu humkosesha mwenye nyumba umeme. Jenereta iliyounganishwa vibaya huua mtu ambaye hata hajulikani nyumbani hapo.

Njia ya hatari inajulikana sana: waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya sebuleni. Taa zinawaka, na mwenye nyumba anadhani amemaliza. Lakini kama swichi kuu haikuzimwa, umeme huohuo unatoka nje kupitia nyaya za gridi hadi kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Ile inayoshusha volti 30,000 hadi 230 itazipandisha 230 kurudi 30,000. Fundi aliyepanda nguzo kwenye mvua, akijua kwamba laini imezimwa kituoni, anashika waya uliofufuliwa na jenereta ya mtu. Na plagi iliyochomoka kwenye soketi ina pini mbili zilizo wazi zenye umeme, mahali ambapo mtoto anaweza kuzishika.

Swichi ya kubadilishia ina nafasi tatu: gridi, katikati ambapo hakuna kitu, na jenereta. Imeundwa hivi kwamba mkono wake hauwezi kufika upande mmoja kabla ya kuachia mwingine. Kwa nyumba yenye umeme wa njia moja, swichi ikate nyaya zote mbili, wa moto na wa nyutro; kwa umeme wa njia tatu, ikate zote nne. Inafungwa baada ya mita ya malipo ya kabla ya Cash Power na kabla ya boksi la kugawia umeme ndani, ili umeme wa jenereta usipite kwenye mita hata kidogo. Ipo pia aina inayojibadili yenyewe: inasikia gridi imekufa, inaiwasha injini, inahamisha mzigo, kisha inaurudisha kwenye gridi inapotulia. Hiyo inafaa zahanati na nyumba yenye mgonjwa anayetegemea mashine. Kwa nyumba ya kawaida, ya mkono inatosha na haina mengi ya kuharibika.

Gridi ikirudi baada ya radi, si vyema kuikimbilia. Mara nyingi hukatika tena ndani ya dakika chache, na volti za mwanzo huwa hazijatulia. Dakika kumi za kusubiri zinaweza kuokoa friji.

Kazi hii si ya kila mwenye bisibisi. Mamlaka ya udhibiti wa huduma nchini, RURA, hutoa vibali kwa mafundi wa ufungaji wa umeme, na ni haki ya mteja kuomba kukiona kibali hicho. Usambazaji uko mikononi mwa EUCL, kampuni tanzu ya shirika la umeme la taifa, REG, iliyoundwa mwaka 2014. Lakiri za mita hazipaswi kuguswa na mtu asiyetumwa na EUCL.

Moshi

Watu wa pwani ya kaskazini ya Ziwa Kivu wanaijua gesi inayoua bila harufu. Mazuku, hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini kati ya Goma na Sake upande wa Kongo, hutulia kwenye mabonde na mashimo kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, na wenyeji hufundishwa kuepuka sehemu za chini. Elimu hiyo ni ya thamani, lakini haimkingi mtu na jenereta. Moshi wake una kaboni monoksaidi, ambayo haishuki. Huchanganyika na hewa, hupanda na joto la ekzosi, na huingia kwa dirisha la chumba cha kulala hata cha ghorofani. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu kadhaa wa nyumba moja wakati mashine inanguruma ni dalili ya kutoka nje mara moja.

Mashine ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye dirisha au mlango wowote, ekzosi ikielekezwa mbali na nyumba. Baraza, stoo na gereji lenye mlango wazi si nje. Viwanja vya katikati ya mji vimebanana, na dirisha lililo karibu zaidi huenda ni la jirani. Vipimo vyote vihesabiwe pia kutoka kwenye dirisha hilo. Paa dogo la bati lisilo na kuta linatosha kuikinga mvua.

Ethi na radi

Fremu ya jenereta lazima iunganishwe na ardhi. Kwenye udongo laini nondo ya shaba huzama kwa nyundo. Penye mwamba wa lava haiingii, na fundi mvivu huikata na kuifukia kipande. Suluhisho ni kuchimba mtaro, kulaza waya wa shaba usiovishwa, kisha kupima ukinzani kwa kifaa badala ya kukisia. Kwenye boksi kuu kufungwe kinga ya volti za ghafla, kwa sababu radi iliyopiga mbali bado husafiri kwenye waya.

Mafuta na matunzo

Petroli (lisansi) huchakaa ndani ya miezi michache na kuziba kabureta. Dizeli (mazutu) hukaa zaidi, ila maji ya mvuke hujikusanya chini ya tangi. Injini ndogo za petroli hula karibu nusu lita kwa kila kilowati-saa, za dizeli kama theluthi moja ya lita. Mafuta yasimiminwe injini ikiwa ya moto, wala jerikani lisihifadhiwe jikoni. Oili ya kwanza hubadilishwa baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 100 au miezi sita.

Nyumba zinazohitaji taa, simu na intaneti tu sasa zinaweza kutumia betri na inveta inayochajiwa na gridi au sola, isiyo na moshi wala kelele. Pampu na friji kwa siku kadhaa za mawingu bado huipa jenereta nafasi.

Mashine iwashwe kila mwezi kwa nusu saa ikiwa na mzigo wa kweli, si kuachwa ikinguruma tupu. Ukaguzi mkubwa wa betri, oili, swichi na ukinzani wa ethi ufanywe Agosti, kabla ya mvua za Septemba.