Mshahara unaenda konti gani? Historia ya vitabu vya kontabilite Masisi na Walikale

Mlinzi wa kituo cha afya amelipwa mshahara wa mwezi. Mweka-hesabu ataandika pesa hiyo katika konti gani? Mwanafunzi aliyesoma kitabu cha zamani atajibu haraka: konti 65. Mwenzake aliyesoma kitabu cha sasa atajibu: konti 66. Wote wawili wamesoma kwa bidii, na kila mmoja anakumbuka vizuri alichofundishwa. Lakini siku ya mtihani ni mmoja tu atakayepata pointi, na siku ya ukaguzi ni kazi ya mmoja tu itakayopita.

Kibaya zaidi, konti 66 ilikuwemo hata katika kitabu cha zamani, ila pale ilikuwa ya kodi na malipo ya serikali. Kijana anayechanganya vitabu viwili anaweza kuweka kodi mahali pa mishahara bila kushtuka, kwa sababu namba anaifahamu. Masisi na Walikale kosa hili ni rahisi sana kutokea. Huko kitabu ni kile kilichopatikana: cha kaka aliyemaliza zamani, cha mwalimu wa jirani, ao kile kilichobaki ndani ya mfuko wakati familia ilipokimbia. Ili kujua kitabu gani kitasaidia na kipi kitadanganya, ni lazima kurudi nyuma kidogo katika historia.

Namba zilezile kwa zaidi ya miaka 35

Mtihani wa serikali, ule wote wanaouita Exetat, ulianza mwaka wa 1967. Miaka tisa baadaye, tarehe 16 Julai 1976, nchi ikiitwa Zaire, sheria namba 76-020 iliweka utaratibu mmoja wa kontabilite kwa nchi nzima. Kutoka hapo Plan comptable ikawa kitabu cha kila siku cha kampuni, cha walimu wa sekisio ya komersiale na cha wanafunzi wao.

Mpango huo ulikuwa na ndugu zake. Mwaka wa 1970 nchi za muungano wa OCAM, Kongo ikiwa mmoja wao, zilikuwa zimepitisha mpango wa pamoja wa kontabilite. Na nyuma zaidi, desturi ya kuandika kila pesa mara mbili, upande wa debiti na upande wa krediti, ilikwisha kuelezwa katika kitabu cha mtawa Mfransisko, Luca Pacioli, kilichochapishwa Venice mwaka wa 1494. Tofauti hii inafaa kushikwa vizuri: debiti na krediti ni za karne nyingi, lakini namba za konti zinawekwa na sheria, na sheria hubadilika.

Nchini Kongo sheria hiyo ilikaa muda mrefu bila kuguswa. Kuanzia 1976 mpaka mwisho wa 2013, mshahara ulikuwa 65, usafiri 62, kodi 66, banki 56. Aliyepata diploma mwaka wa 1985 aliweza kumpa mdogo wake kaye yake mwaka wa 1995, na huyo akampa mtoto wa shangazi mwaka wa 2005, na kila mmoja akafaulu. Ndiyo maana desturi ya kurithi kaye na kukariri namba ilipata nguvu sana katika vijiji vyetu. Haikuwa uvivu. Kwa miaka yote hiyo ilikuwa njia ya akili, ya bei nafuu, na ilizaa matunda.

Sheria ilipogeuka, vita ilikuwa mlangoni

Tarehe 17 Oktoba 1993, mjini Port-Louis katika kisiwa cha Maurice, nchi kadhaa za Afrika zilitia sahihi mkataba wa OHADA ili ziwe na sheria moja ya biashara. Mwaka huohuo, mwezi wa tatu, mauaji yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa mpaka Masisi. Wengi wanaohesabu miaka yao ya ukimbizi wanaanzia hapo.

Kongo iliingia OHADA baadaye sana, ikawa nchi ya 17. Mkataba ulianza kufanya kazi nchini tarehe 12 Septemba 2012. Tarehe 20 Novemba ya mwaka huohuo, M23 iliingia Goma. Mwezi wa kumi na moja 2013 M23 ilishindwa, na tarehe 1 Januari 2014 kontabilite mpya, SYSCOHADA, ikaanza kutumika Kongo nzima. Wakati watu wa miji mingine walikuwa wakihudhuria mafunzo juu ya namba mpya, familia nyingi za Masisi zilikuwa zikijiuliza kama barabara ya kurudi shambani imefunguka.

Mabadiliko hayakuishia hapo. Tarehe 26 Januari 2017, mjini Brazzaville, sheria ya kontabilite ya OHADA ilifanyiwa marekebisho, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Kisha tarehe 22 Desemba 2022, mjini Niamey, ilipitishwa kontabilite ya pekee kwa vyama, mashirika na miradi isiyotafuta faida, yaani SYCEBNL. Hiyo ilianza tarehe 1 Januari 2024. Mwezi uliofuata mapigano yalifika karibu na Sake, na watu wa Masisi wakashuka Goma kwa wingi. Mwaka wa 2025 Masisi-centre na Goma zilianguka mwezi wa kwanza, kambi za wahami kando ya Goma zikavunjwa mwezi wa pili, na Walikale-centre ikashikwa kwa muda mwezi wa tatu.

Kwa hesabu ya haraka: miaka zaidi ya 35 bila badiliko, kisha mabadiliko matatu ndani ya miaka kumi, na miaka hiyo kumi ndiyo ile ambayo vijana wa hapa walikuwa wakihama shule kwa shule. Kaye iliyorithiwa, ambayo zamani ilikuwa mali, inaweza leo kuwa mtego.

Kilichobadilika kweli

Katika SYSCOHADA mshahara ni 66, kodi ni 64, usafiri ni 61, banki ni 52. Sanduku la pesa limebaki 57, wauzaji wanaotudai wamebaki 40, na wateja tunaowadai wamebaki 41. Kufanana huku ndiko kunakodanganya: mwanafunzi anaona 57 na 41 ziko sawa, anaamini kitabu chote kiko sawa.

Konti 60 inaonyesha vizuri kwamba badiliko si la namba peke yake. Mfanyabiashara ananunua mifuko 10 ya maharagi, kila mfuko dola 40, anauza 6. Katika mpango wa 1976, konti 60 ilikuwa ya bidhaa zilizouzwa, basi ilipokea mifuko 6, yaani dola 240. Katika SYSCOHADA, konti 60 ni ya manunuzi, basi inapokea mifuko yote 10, dola 400. Halafu konti 603 inasahihisha kwa mifuko 4 iliyobaki katika depo, dola 160. Ukitoa 160 katika 400 unarudi kwenye 240. Faida ni ileile, lakini njia ni nyingine. Aliyekariri namba tu atapotea katikati ya njia. Aliyeelewa kwa nini mifuko 4 inaondolewa atafika, hata kama mwalimu amebadilisha maharagi kuwa mafuta ya mawese.

Hata kitabu chenye jina SYSCOHADA kwenye jalada hakitoshi kuaminiwa. Vile vya kabla ya 2018 vina konti 20 ya gharama za kuanzisha kampuni zilizogawanywa katika miaka mingi. Konti hiyo iliondolewa. Vina pia ripoti inayoitwa TAFIRE, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na jedwali la mwendo wa pesa. Na vinataja mifumo mitatu ya kampuni, wakati marekebisho yalibakiza miwili: mfumo wa kawaida, na ule mdogo wa wafanyabiashara wadogo kabisa.

Kupima kitabu kwa dakika tano

Kutokana na historia hiyo, kuna njia rahisi ya kupima kitabu ao kaye kabla ya kupoteza miezi juu yake. Kwanza, tafuta mishahara. Ikiwa 65, kitabu ni cha mpango wa 1976. Ikiwa 66, endelea. Pili, tafuta konti 20 ya gharama na neno TAFIRE. Ikiwa vimo na vinafundishwa kama mambo ya sasa, kitabu ni cha kati ya 2001 na 2017. Ikiwa havimo, na kuna jedwali la mwendo wa pesa, kitabu ni cha marekebisho.

Jambo la tatu ni kujua mtihani wenyewe. Anayejitayarisha kwa Exetat ya komersiale, ao anayetaka kuingia masomo ya biashara kama yale ya ISC Goma, anahitaji SYSCOHADA ya sasa. Anayetafuta kazi katika shirika, chama cha wakulima wasiotafuta faida, ao mradi wa misaada, aongeze SYCEBNL, kwa sababu jaribio la kazi linaweza kutoka humo. Anayeota kuwa mtaalamu kamili ajue kwamba tangu sheria ya tarehe 12 Februari 2015 kazi hiyo ina chama chake cha kitaifa, ONEC, na mtu hajipi jina hilo mwenyewe.

Na familia zilizovuka mpaka zina hesabu nyingine. Kijana wa Masisi aliye Nakivale ao Rwamwanja, nchini Uganda, akitaka mtihani wa CPA, atakutana na chama cha wahasibu wa Uganda, lugha ya Kiingereza, na kanuni za kimataifa za IFRS ambazo haziweki orodha ya namba za konti kwa nchi. Huko kukariri 66 hakumsaidii kitu. Debiti na krediti alizojifunza Masisi, hizo zitamfuata.

Namna ya kujifunza bila vitabu vingi

Item za miaka iliyopita zinauzwa zikiwa fotokopi, na wanafunzi wengi wanazisoma kama ndizo somo. Hapo pana hatari mbili. Item za kabla ya 2014 zinapima sheria iliyokufa. Na item, hata ikiwa mpya, inaonyesha jibu bila kuonyesha njia. Inafaa zaidi kuzitumia mwishoni, kama mizani, baada ya kufanya mazoezi kwa mkono.

Kaye ya zamani nayo isitupwe motoni. Mazoezi yake bado ni mazuri: mfanyabiashara ananunua, anauza, analipa mshahara, anaweka banki. Mwanafunzi ayachukue mazoezi hayohayo na kuyafanya upya kwa namba za sasa. Kila mara 65 inapokuwa 66, 66 ikawa 64, 62 ikawa 61, 56 ikawa 52, kichwa kinajizoeza kuuliza maana ya konti kabla ya kuandika namba. Zoezi hili halihitaji umeme wala megabaiti.

Orodha ya konti kubwa, zile za tarakimu mbili, inaingia katika kurasa chache za kaye. Katika kikundi cha wanafunzi watano, inatosha mmoja awe na kitabu cha sasa, wengine wanakili. Mazungumzo yaende kwa Kiswahili, ili kila mmoja aeleze kwa nini pesa imetoka hapa na kuingia pale. Majibu yaandikwe kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani wa serikali.

Tena pesa za kujifunzia zipo karibu. Vikundi vya akiba na likelemba viko kila mahali, hata kati ya wahami. Kwa ruhusa ya kikundi, mwanafunzi anaweza kuchukua hesabu za mwezi mmoja, akaficha majina, akaandika jurnali, akapeleka katika buku kubwa, akatafuta kama debiti na krediti zinalingana. Zisipolingana, atatafuta kosa mpaka alione. Saa hizo za kutafuta kosa zinafundisha kuliko kurasa 50 za kukariri.

Faida yake si diploma peke yake. Rubaya, katika Masisi, inajulikana duniani kwa koltani. Bisie, katika Walikale, inajulikana kwa kasiterite. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inawataka wachimbaji wa mikono wawe ndani ya kooperative, na kooperative inapaswa kuwa na vitabu vya hesabu. Pale ambapo wanachama hawajui kuvisoma, wanaambiwa tu kilichobaki. Mtoto wa mchimbaji anayejua kufuata pesa kutoka mizani mpaka sanduku anaweza kuuliza swali kwenye mkutano, na swali lake likahitaji jibu.

Sheria itabadilika tena, kama ilivyobadilika 2014, 2018 na 2024. Kwa hiyo anayemaliza mwaka huu na kumwachia mdogo wake kaye, aandike kwa bike kwenye jalada: namba hizi ni za sheria ya mwaka fulani. Mstari huo mmoja haukuwa kwenye kaye nyingi tulizorithi.