Sheria Ilihesabu Watu, Kazi Zikabaki Vilevile

Juma hili tuzungumzie ajira ya ndugu zetu wenye usonji, yaani waliozaliwa na ubongo unaopokea maneno, kelele na watu kwa namna tofauti na wengi wetu, pamoja na wenzao wenye ulemavu wa akili.

Taifa letu lilichelewa kuwafikia. Elimu ya wasioona ilianza Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Ya viziwi ikaanza Tabora mwaka 1963. Watoto wenye ulemavu wa akili walisubiri hadi mwaka 1982, walipofunguliwa darasa huko Hombolo, Dodoma.

Mwaka huohuo wa 1982 Bunge lilipitisha Sheria Namba 2, iliyomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi awe na asilimia 2 ya walemavu. Ilikuwa sheria njema. Lakini wakati inaandikwa, watoto wa Hombolo ndiyo kwanza walikuwa wanaingia darasani. Nani angewakumbuka kwenye orodha ya waombaji kazi?

Mwaka 2010 ikaja Sheria Namba 9, ikaifuta ile ya kwanza. Sasa mwajiri mwenye watu 20 au zaidi anatakiwa asipungukiwe na asilimia 3. Hapa kwetu Babati, wenye maduka, maghala ya mbaazi na mashine za kukamua alizeti wengi hawafikishi watu 20. Na hata kwa anayefikisha, idadi peke yake haitoshi. Kijana mwenye usonji ataitwa kwenye usaili, hatamtazama bosi usoni, atajibu kwa neno moja, kisha ataambiwa arudi nyumbani asubiri. Amepimwa mazungumzo, wakati kazi yenyewe ni kupanga magunia!

Tutazame mfano wa mbali. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani alichapisha taarifa ya watoto 11 wenye hali hii. Wa kwanza katika taarifa hiyo alikuwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, Mississippi. Mtoto huyo alipenda mno hesabu. Alipokua aliajiriwa katika benki ya mjini kwao, akafanya kazi humo zaidi ya miaka 60, hadi karibu na kifo chake mwaka 2023. Ni kweli, familia ya mama yake ilihusika na benki hiyo, na mlango aliufunguliwa na jamaa. Lakini undugu peke yake haumweki mtu kazini miaka 60. Alipewa kazi inayolingana na uwezo wake, na watu wa mji wakamzoea jinsi alivyo.

Jambo hilo halihitaji benki wala fedha za wafadhili. Mwenye ghala amjaribu kijana kwa kazi yenyewe siku tatu badala ya maswali. Amwonyeshe kwa mikono, amwelekeze jambo moja kwa wakati, asimbadilishie zamu ghafla, ampe kona isiyo na kelele. Na mwisho wa mwezi amlipe ujira sawa na wenzake, maana kazi isiyolipwa si ajira.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wala si mgeni. Ni mtoto wetu, amekua, na anaomba kazi.